Mbio za Zawena Bado Hazijafungwa

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kwa sasa siwezi kulitaja kwa sababu limepelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho na halijarudi. Tumeambiwa tusubiri, na sisi kwa kusubiri hatujambo. Mimi naitwa Chande Mkumba, mtunza saa wa michezo ya shule katika wilaya yetu, kazi ambayo nimeifanya kwa uaminifu miaka ishirini na sita. Watoto huniita Babu Saa. Nayasema haya mapema usije ukadhani unazungumza na mtu wa mitaani mwenye kinyongo na serikali. Sina kinyongo hata chembe. Hii saa ya mbio ninayoivaa shingoni nimekabidhiwa na serikali yenyewe, na ukiisogelea utaona tarakimu zake bado zinakimbia. Zimekimbia miaka saba bila kusimama. Nitakueleza kwa nini, lakini tafadhali usinikatize.

Zamani tulikuwa na tatizo la madawati. Watoto walikaa sakafuni, wengine madirishani, na wafadhili walipokuja na kamera zao walipiga picha ambazo hazikutupendeza. Ndipo Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Samani, Daktari Profesa Injinia Kasiani Mbwilo, akaitisha mkutano mkubwa uwanjani kwetu.

"Ndugu wananchi," alisema, akafuta jasho, akangoja makofi, akayapata. "Wataalamu wangu wamefanya utafiti wa kina. Wamegundua kwamba nchi hii haina upungufu wa madawati. Madawati yapo, tena ya kutosha kabisa! Kilichozidi ni makalio!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Wiki ileile madawati yote yakahesabiwa na kupakwa namba, na kila dawati likapewa watoto watatu. Watoto waliobaki wakaingizwa katika Mpango wa Hiari wa Elimu ya Nyumbani, na wazazi wote waliagizwa kujiunga na hiari hiyo kabla ya Ijumaa saa sita, la sivyo wangechukuliwa hatua. Tatizo lililotushinda tangu uhuru likaisha kwa siku tano. Nchi jirani zilileta wajumbe kuja kujifunza.

Zawena alikuwa na miaka sita mwaka ule. Siku ya kupangwa alikuwa wa nne kwenye foleni ya dawati la watu watatu. Alivaa sare mpya iliyoshonwa na mama yake, Bi Nasra, fundi cherehani ambaye nyumba yake imepakana na Shule ya Msingi Uwanjani, ua wa michongoma tu katikati. Mtoto alirudi nyumbani kabla chai haijapoa. Bi Nasra alimvua ile sare. Alifungua kabati la nguo, akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaandika a, e, i, o, u nyuma ya mlango wa kabati. Kuanzia siku hiyo lile kabati likawa darasa. Zawena alijifunza kujumlisha kwa vifungo na kugawanya kwa tepu ya kupimia, na kengele ya shule ilipolia upande wa pili, na yeye alitoka mapumziko.

*

Sasa sikia habari ya mbio.

Shule ya Uwanjani ilikuwa na wasichana wanne hodari wa mbio za kupokezana vijiti. Anayemaliza alikuwa Tausi, mtoto mrefu mwenye maneno machache. Mwaka ule Zawena alipotimiza miaka kumi na miwili, anayeanza akahama, baba yake kapelekwa wilaya nyingine, na Tausi na wenzake wawili wakabaki na pengo. Lilikuwa pengo baya, kwa sababu mashindano ya wilaya mwaka huo yalikuwa na zawadi isiyowahi kutokea. Timu ya wasichana itakayoshinda vijiti, wote wanne wangepelekwa Shule ya Vipaji, shule ya bweni, ambako kila mwanafunzi hukaa dawati lake peke yake. Dawati zima, jamani! Mtu unaweza hata kuweka viwiko.

Mwalimu Kibwana, mwalimu wa michezo wa Uwanjani, ambaye pia alifundisha hisabati, sayansi na dini na kutunza funguo za stoo, alinifuata nyumbani.

"Mzee Chande, njoo na saa yako ukaone kitu."

Nilikwenda. Wasichana watatu walikuwa kwenye viatu vya raba vya shule. Wa nne alikuwa Zawena, peku, kanga kiunoni, amepenya kwenye tundu la ua. Kumbe miaka yote walipokuwa wakifanya mazoezi upande wao, yeye alikimbia upande wake wa ua, sambamba nao. Wakajipanga. Mwalimu akapiga kipyenga. Yule mtoto alitoka pale kama mtu aliyesahau chungu motoni, akampa kijiti mwenzake bila hata kutazama, na kijiti kile kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Tausi bila kuyumba. Nilibonyeza saa. Sekunde hamsini na sita. Rekodi ya wilaya ilikuwa hamsini na tisa, na iliwekwa na wasichana wenye ndevu.

Zawena alinikimbilia huku akihema. "Shikamoo, Babu Saa. Ngapi?"

Nikamwambia. Alicheka, akaruka, akamkumbatia Tausi, wakaanguka wote wawili. Sijawahi kuona furaha ya namna ile kwa mtu ambaye hajaruhusiwa.

*

Tulikwenda ofisi ya wilaya watatu, mimi, Mwalimu Kibwana na Bi Nasra aliyevaa gauni lake la sikukuu. Afisa Elimu, Michezo na Utulivu alikuwa Bwana Gervasi Lihundi, mtu mzuri sana, anayekupokea vizuri hata akiwa anakukatalia. Ofisini mwake kuna picha tatu za Waziri na, kwenye kona, dawati la shule lenye chupa ya chai juu yake na bakuli la sukari.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema Bi Nasra.

"Marahaba, mama. Karibu ukae." Kiti hakikuwepo, lakini ukaribisho ulikuwa wa kweli.

Mwalimu Kibwana akaeleza. Afisa akasikiliza amefumba macho, kisha akauliza, "Huyu mtoto anakaa dawati namba ngapi?"

"Hana dawati, mheshimiwa," Bi Nasra akajibu. "Ndiyo maana anasoma nyumbani."

"Basi huyo si mwanafunzi."

"Lakini ninyi wenyewe mlimwandika mwanafunzi wa nyumbani."

"Wa nyumbani, ndiyo. Hatujamkataza kukimbia nyumbani." Alicheka, na sisi tukacheka kidogo kwa heshima.

Mwalimu Kibwana akakohoa. "Mheshimiwa, yule binti aliyehama ameacha nafasi. Alikuwa dawati namba mia nne kumi na saba. Zawena angeweza kuchukua nafasi hiyo."

"Dawati mia nne kumi na saba liko wapi?"

Mwalimu akanyoosha kidole. Tukatazama kona sote. Namba ilikuwa ubavuni, kwa rangi nyeupe, 417.

"Wale watoto wawili waliobaki tuliwabana kwenye dawati la jirani, na hili likaja huku," alisema Afisa. "Lina matumizi."

"Matumizi gani?" aliuliza Bi Nasra.

"Si unayaona, mama." Akaeleza kwa upole kwamba wakaguzi wa hesabu hawapendi kukuta dawati halina mtu, kwa hiyo chupa ya chai ilisajiliwa kukaa pale, na katika rejesta mahudhurio yake ni asilimia mia. Hajapata mwanafunzi mwenye nidhamu kama ile. Na kwa kuwa kanuni inasema nafasi ya mkimbiaji hufuata dawati, mkimbiaji halali wa Uwanjani sasa alikuwa ni chupa. "Ila sisi si wajinga," akasema. "Tunajua chupa haina miguu. Itawakilishwa na Prisila."

Prisila alikuwa mpwa wake. Mtoto mwema, mwenye adabu, aliyekatazwa na daktari kupanda ngazi.

Bi Nasra aliisogelea ile chupa. Nilidhani ataipiga teke. "Hakuna njia nyingine yoyote, mheshimiwa?" akauliza. "Hata ndogo?"

"Mama, serikali yako haiwezi kukosa njia." Afisa akatoa waraka, akausoma kwa sauti ya hotuba. Mwanafunzi wa nyumbani aweza kushiriki michezo ya shule ya umma endapo ataleta barua ya ruhusa kutoka kwa mkuu wa shule atokako, yenye muhuri wa shule hiyo. "Atokako ni nyumbani. Isajilini nyumba iwe shule, mkuu wa shule asaini, apige muhuri, binti akimbie. Nani kasema tunawabagua watoto wa nyumbani?"

Tulitoka tumefurahi. Mimi nilimwambia Bi Nasra njiani, unaona? Ukiwafuata kwa utaratibu wanakusikiliza. Aliongeza mwendo.

*

Wakaguzi wa kusajili shule walikuja sita, na dereva wa saba. Walihitaji mlingoti wa bendera, Bi Nasra akasimamisha mwiko wake mrefu wa kupikia shughuli, wakaupima, wakasema ni mfupi lakini una uzalendo. Walihitaji kengele, akatundika ringi ya gari. Walihitaji ubao wenye jina la shule, vyoo vya wavulana kando na vya wasichana, na kamati ya wazazi isiyopungua watu tisa. Choo cha wavulana kilichimbwa pale penye mchicha. Hakujawahi kuwa na mvulana katika nyumba ile, lakini mkaguzi mkuu alisema elimu ni kujiandaa. Kitanda walichokuwa wakilala mama na mwana kiliandikwa bweni, na pembeni wakaweka alama nyekundu kwamba lina msongamano.

Halafu wakafika kwenye cherehani.

"Hapa kuna meza," alisema mkaguzi mkuu, akazunguka. "Na kiti kipo. Andikeni, hili ni dawati."

"Hiyo ni cherehani, baba," alisema Bi Nasra. "Ndiyo inayotulisha."

"Mama, unataka shule isiyo na dawati? Tutaifuta sasa hivi."

Wakaipaka rangi nyeupe ubavuni, namba moja. Wakamsomea kanuni kwamba samani ya serikali haitumiki kwa shughuli binafsi saa za masomo, yaani asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kisha wakanywa chai, wakasaini, wakaondoka na birika kama kielelezo.

Nilimkuta Bi Nasra amekaa kizingitini, mikono magotini, kitambaa cha sare ya mteja kimelala pembeni. Nikamwambia pole. "Waache wapake," alisema. "Wapake hata mimi usoni. Mwanangu akimbie tu."

Wateja walianza kumkimbia, maana nani atasubiri sare ya mtoto wiki tatu? Lakini shule ilizinduliwa kwa shangwe. Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe kukata utepe mlangoni. Bi Nasra alikuwa ndani anapika pilau la wageni na akakatazwa kutoka kabla utepe haujakatwa, kwa hiyo hotuba nzima aliisikiliza akiwa dirishani, macho yanamtoka machozi kwa moshi.

"Leo," alisema Waziri, "tumeongeza shule mpya bila kutumia hata tofali moja! Dunia itatuuliza, mmewezaje? Nasi tutaijibu, hatujui!"

Zawena hakuwepo kwenye hafla. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye tundu la ua, anafanya mazoezi ya kupokezana na Tausi. Walikuwa wamekatazwa kuwa upande mmoja hadi barua ipatikane, basi huyu anakimbia huku, yule anaanza kule, na penye tundu mkono mmoja unatoka na mwingine unapokea. Walifanya hivyo kila jioni hadi miiba ikawachora mikono yote miwili.

*

Mkuu wa shule aliletwa na wilaya, kwa sababu Bi Nasra hana cheti cha ualimu. Alifika Jumatatu na begi na redio, akasaini kitabu cha wageni, akauliza nyumba ya mwalimu mkuu iko wapi. Alipoambiwa chumba ni kimoja na kina bweni ndani, akaanza likizo ya kusubiri nyumba. Muhuri aliondoka nao kwa usalama. Barua ya Zawena ilibaki mezani haijasainiwa, juu ya kile walichokiita dawati namba moja.

Tukarudi kwa Afisa. Chupa ilikuwa palepale, imefunikwa kitambaa kipya cha kufuma.

"Hata angesaini," alisema Bwana Lihundi kwa huruma ya kweli, "ingekuwa kazi bure. Binti sasa ni mwanafunzi wa shule iliyosajiliwa. Mwanafunzi wa shule moja akikimbilia shule nyingine tunamwita mamluki. Mamluki anafungiwa maisha, yeye na timu nzima. Mnataka wale wasichana wafungiwe?"

Bi Nasra alishika ukingo wa meza. "Mheshimiwa, nisaidie kuelewa. Mwanzo mwanangu hakuweza kukimbia kwa sababu hana shule. Sasa hawezi kukimbia kwa sababu ana shule."

"Umeelewa vizuri kabisa, mama. Wengine huwa wananirudisha mara tatu."

"Basi futeni hiyo shule! Mnirudishie nyumba yangu."

"Kufuta ni ombi la mkuu wa shule, na yuko likizo." Akafungua faili jingine. "Na nikukumbushe, kila shule iliyosajiliwa lazima ilete timu kwenye mashindano. Isipoleta, samani zake zinachukuliwa."

Bi Nasra alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Pengine kwa sababu ya ile saa shingoni. Nilimwambia asijali, utaratibu utafuatwa. Ndivyo nilivyosema, kweli, na nilikuwa naamini.

*

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Chokaa ya kuchora njia za wakimbiaji haikuletwa na wilaya, ilikuwa kwenye mchakato, kwa hiyo Mwalimu Kibwana alichora kwa unga wa mahindi kutoka jiko la shule. Asubuhi mistari ilipendeza. Lakini kuku wa majirani nao walikuwa na wiki ngumu, na hadi saa ya vijiti ilipofika walikuwa wamepita njia nzima nzima wakidonoa. Tuliwafukuza, wakarudi. Mimi sikujali sana. Mtu mwenye kanuni kichwani hahitaji kuchorewa.

Njia ya tano walikuwa Uwanjani, wameanza na Prisila kwa niaba ya chupa, na kwa kuwa Prisila alianza, Mwalimu Kibwana alimweka Tausi kumpokea, walau afidie. Njia ya nne ilikuwa Shule ya Msingi Nyumba ya Bi Nasra. Timu yake ilikuwa Zawena. Alivaa bukta aliyoshonewa na mama yake baada ya saa kumi jioni, na kifuani jina la shule lilikuwa refu mpaka likazunguka mgongoni.

Mkuu wa mashindano alitangaza kwa kipaza sauti, "Njia ya nne, mkimbiaji wa kwanza, Zawena. Mkimbiaji wa pili, hakuna. Wa tatu, hakuna. Wa nne, hakuna. Tuwapigie makofi." Tukawapigia.

Mimi nilisimama penye eneo la kupokezana, hatua tatu kutoka njia ya nne. Kipyenga kikalia, nikabonyeza saa.

Nimewaona wakimbiaji wengi. Yule mtoto siku ile alikuwa hagusi chini. Alipofika pale penye kupokezana wengine walikuwa bado wako katikati, na Prisila alikuwa amesimama, ameshika kiuno, anaongea na jamaa zake. Zawena akafika na kijiti chake mbele. Na mbele yake, kwenye njia ya nne, palikuwa na nyasi tu.

Njia ya tano, pembeni kabisa, alisimama Tausi. Mgongo kageuza, mkono kauweka nyuma, kiganja wazi, kama walivyozoeshana kwenye tundu la ua. Alisikia hatua anazozijua akaanza kuondoka polepole bila kutazama, mkono unangoja. Zawena alimwona. Uwanja wote ulimwona anamwona. Ilikuwa hatua moja tu ya kando. Mwalimu Kibwana akavua kofia. Bwana Lihundi, jukwaani, alikuwa anamiminiwa chai kutoka kwenye ile chupa, maana nayo ilikuja kama mchezaji wa akiba, na macho yake yalikuwa kwenye kikombe. Hakuna hata mtu mmoja mwenye mamlaka aliyekuwa akitazama, isipokuwa mimi.

Zawena akanyoosha mkono.

Nikapiga kelele, "Mstari! We mtoto, chunga mstari!"

Ilinitoka tu. Zaidi ya miaka ishirini ya kazi, mdomo ulishazoea. Zawena akashtuka, akatazama chini, akarudisha mkono kifuani. Tausi akageuka akaona kiganja chake kitupu. Walitazamana. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa kazini.

Prisila alifika baada ya muda, Tausi akampokea vizuri. Uwanjani wakawa wa mwisho. Mwisho kabla ya mmoja, niseme, kwa sababu njia ya nne haikumaliza, na hapo ndipo ugumu ulipoanza.

*

Kanuni inasema matokeo hayatangazwi hadi kila timu imalize au ijitoe. Zawena hakuweza kumaliza, hakuna wa kumpokea. Kujitoa kunahitaji sahihi ya mkuu wa shule, na mkuu wa shule yuko likizo ya kusubiri nyumba. Kuweka kijiti chini hairuhusiwi, ni mali ya serikali. Tulisubiri pale hadi viti vikakusanywa na turubai likashushwa, na yeye amesimama, kijiti kifuani, mama yake kakaa kwenye nyasi kando ya miguu yake. Mwishowe wilaya ikatoa tamko la busara sana. Mbio zinaendelea. Mshiriki anaweza kwenda nyumbani, aendelee kushiriki akiwa huko.

Kwa hiyo matokeo hayajatoka mpaka leo. Hakuna timu iliyoshinda, na zile nafasi nne za Shule ya Vipaji hazikupata watu. Madawati yake manne yaliletwa ofisi ya wilaya yasikae bure. Moja lina mashine ya kuchapa, moja lina feni, mawili yana mafaili, na nasikia wote wanaendelea vizuri na masomo. Mashindano mengine ya vijiti hayajafanyika, maana huwezi kuanza mapya ya zamani hayajafungwa. Tausi alimaliza darasa la saba akakaa nyumbani. Anauza mihogo ya kukaanga mbele ya ofisi ya wilaya, na Bwana Lihundi ni mteja wake mzuri.

Zawena ana miaka kumi na tisa sasa. Kitambulisho cha mtu mzima hajapewa, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha ni mwanafunzi aliye uwanjani. Anashona na mama yake baada ya saa kumi, kwenye dawati namba moja. Wanashona sare za watoto wa upande wa pili wa ua. Kijiti anacho, anakitumia kunyooshea mishono, na kila mwezi wa sita mtu wa wilaya huja kuhakiki kwamba kipo.

Na mimi kila Ijumaa huenda kumsomea muda wake, kwa kuwa mshiriki ana haki ya kujua muda. Nilistaafu mwaka juzi lakini saa sijairudisha, siwezi kuirudisha inahesabu. Wao hunipa chai. Sijui kwa nini wananipa chai.

Ijumaa iliyopita nilimkuta peke yake. Mama yake hajisikii vizuri siku hizi, alikuwa amelala pale bwenini. Zawena alikuwa anakunja upindo wa kisketi kidogo cha bluu, cha mtoto wa darasa la kwanza.

"Shikamoo, Babu Saa."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alishona mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno. "Babu, nikuulize kitu. Siku ile uliponiambia nichunge mstari."

"Ndiyo."

"Mimi nilitazama chini."

"Najua, nilikuona."

"Hapakuwa na mstari, babu. Kuku walikuwa wameula wote. Palikuwa na majani tu, kwangu na kwa Tausi." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira. "Nikadhani wewe unauona. Nikasema, Babu Saa ni mtu mzima, hawezi kusema kitu ambacho hakipo."

Nilikuwa na jibu. Kanuni ya kumi na nne, kifungu kidogo cha pili, mstari uliofutika huhesabiwa kuwa upo hadi utakapotangazwa vinginevyo. Naijua kwa moyo, nimewahi kuwafundisha wengine. Nilifungua mdomo niiseme na haikutoka. Nikakohoa, nikasingizia chai.

Yeye alishachukua kisketi kingine. Akaweka kitambaa chini ya sindano, akakanyaga cherehani, na bila kuinua macho akauliza, "Ngapi sasa?"

Nikainua saa, nikamsomea.